Bamba la mfupa lipimwe likiwa limelowa

Anayesikia habari za bamba la mfupa linaloyeyuka mwilini, yaani bamba linalofungwa kwenye mfupa uliovunjika ili kuushikilia hadi uunge, huuliza kwanza kama lina nguvu za kutosha. Kwangu mimi swali hilo halijakamilika mpaka liulizwe pia lina nguvu kiasi gani baada ya wiki sita katika maji ya nyuzijoto 37, kwa kuwa wakati huo mfupa ungali unalitegemea.

Tabaka gumu la nje la mfupa lina ukakamavu, yaani kadiri linavyokataa kupinda, wa takriban gigapaskali 10 hadi 20, ilhali aloi ya titani hufikia kama 110 na chuma cha pua karibu 200. Chuma kikibeba mzigo uliopaswa kubebwa na mfupa, mfupa wenyewe hudhoofika, na pengine mgonjwa hulazimika kupasuliwa tena ili kitolewe. Polima ya asidi laktiki, ambayo ni aina ya plastiki, huepusha hayo, kwani maji huikata vipandevipande hadi ibaki asidi ambayo mwili umezoea kuishughulikia. Hata hivyo, ukakamavu wake ni kama gigapaskali 3 tu, na kwa mfupa kama muundi hiyo haitoshi.

Ndiyo maana huimarishwa. Unga wa hidroksiapataiti, madini yanayofanana na yale ya mfupa, huongeza ukakamavu na hupatana na mfupa, lakini ukizidi, bamba hukatika ghafla badala ya kupinda. Mimi naziamini zaidi nyuzi za kioo cha fosfati, ambazo nazo huyeyuka, na ambazo kasi ya kuyeyuka kwake hupunguzwa kwa kuongeza oksidi ya chuma.

Tatizo kubwa limo pale uzi unapokutana na polima. Maji hupenya katika mpaka huo mapema, hata kabla polima yenyewe haijaoza. Ukitazama kwa hadubini ya elektroni sehemu iliyovunjika ya sampuli kavu, utaona nyuzi zilizogandamana na mabaki ya polima; katika sampuli iliyolowekwa, nyuzi huwa zimechomoka zikiwa safi na kuacha matundu matupu. Kuzipaka silani, kemikali ambayo hushikamana na kioo upande mmoja na polima upande wa pili, huchelewesha hali hiyo, ingawa haiizuii.

Kwa hiyo, ripoti inayotoa nguvu ya kupinda ya sampuli kavu pekee haimsaidii daktari wa mifupa. Anachohitaji ni vipimo vya wiki kwa wiki, vilivyochukuliwa sampuli ikiwa bado imelowa na, ikiwezekana, ikiwa imebebeshwa mzigo muda wote wa kulowekwa.