Mbona hakuna mtu?

Mama aliniuliza swali Jumapili, na mpaka leo Ijumaa halijanitoka. Nilimtumia ile picha ya Ben Klibreck, mlima wa huku Uskoti, ile niliyosema nasubiri theluji ishuke hadi ziwani ndipo niichore. Akaitazama, akanipigia. Hakusema nzuri wala mbaya.

"Mama Neema, mbona hakuna mtu?"

Nikamwambia ni mlima tu, mama, haishi mtu kule.

"Mlima mzima? Sasa ni wa nani?"

Wiki hii nimepewa mkataba wa kudumu wodini na Neema kang'oka jino la kwanza, lakini hata nikitandika vitanda namsikia: ni wa nani? Iliniuma. Nilitamani aulize bluu ya vile vivuli niliipataje, au nilikaaje pale mteremkoni, vidole vimekufa ganzi, maji yanagandia kwenye brashi. Nilitia vodka kidogo, na bado barafu ikaacha alama kama manyoya kwenye karatasi. Jirani na hapo, kijiji cha Altnaharra, mwaka 1995 baridi ilifika nyuzi 27.2 chini ya sifuri! Mama hayo hayakumgusa. Kazaliwa Marangu, Kilimanjaro. Kwake mlima ni vihamba vya migomba, mifereji, moshi wa jikoni alfajiri, watu wanasalimiana njiani.

Jana usiku zamu ilipopoa nikaifungua tena picha. Ng'ambo ya lile ziwa, Loch Naver, kuna mistari myembamba inayochomoza kwenye theluji. Ni kuta za Grummore, kijiji kilichobaki magofu. Hakuna mahali nilipotuliza mkono kama pale.

Asubuhi nikampigia. "Mama, watu walikuwepo." Nikamsimulia bonde lile, Strathnaver, lilivyokuwa na vijiji, na kati ya 1814 na 1819 wenye ardhi wakawafukuza wapangaji, nyumba zikachomwa, wakaingizwa kondoo.

"Wakaenda wapi?"

Wengine pwani, kwenye vishamba visivyotosha. Wengine wakapanda meli kwenda Kanada.

"Na makaburi ya wazee wao?"

"Waliyaacha, mama."

"Maskini. Hebu ichapishe kubwa uniletee. Naitundika sebuleni, na wakija wageni nitawaeleza hizo kuta."

Nimefurahi mpaka usingizi wa mchana umegoma. Nitarudi kule kabla theluji haijayeyuka, nisogee Grummore kwenyewe, nichore mlango mmoja tu.

Kaka naye hajanijibu kuhusu zile bati za nyumba ya mama. Hela nilishatuma, masika ndiyo hayo yanakuja, na kila nikipiga simu inaita tu.