Vishimo vya subana
Alikuja kliniki na subana yake mkononi, kile kikofia cha kukinga kidole wakati wa kushona. Fundi wa nguo, miaka 40 na ushei. Kidole cha kati kilikuwa kimevimba chote, toka shina hadi ncha, kama soseji, na subana haikuingia tena. Alikopita alitibiwa gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki ikizidi, ingawa asidi hiyo ilikuwa sawa. Kipimo cha damu cha baridi yabisi nacho kilirudi hasi, na hapo ndipo wengi hupotea: baridi yabisi inayoletwa na soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, huwa hasi mara nyingi.

Nikaomba kuona kucha. Zilikuwa na vishimo vidogovidogo, kama uso wa ile subana. Viwikoni na nyuma ya masikio, mabaka manene yenye magamba meupe.

"Hiyo fangasi tu, dokta. Ninayo mwaka wa tisa."

Fangasi hutanuka kama pete, katikati pakianza kupona. Baka la soriasisi ni nene kote. Nilipombonyeza nyuma ya kisigino, kano inaposhika mfupa, akaruka. Asubuhi vidole vilikakamaa saa nzima.

Ngozi kwa kawaida hutangulia viungo, mara nyingi kwa miaka 7 hadi 10. Kutibu ngozi mapema hakukuhakikishii viungo salama, lakini anayehudhuria kliniki ya ngozi huulizwa habari za kisigino na ukakamavu wa asubuhi kabla mfupa haujalika. Viungo vikishaanza kuuma, hata miezi 6 ya kuchelewa ina gharama. Eksirei yake ilionyesha kiungo cha karibu na ukucha kimeshamegeka pembeni.

Tulipima picha kamili ya damu, ini, figo, homa ya ini B na C, VVU na mimba, ndipo tukaanza methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, miligramu 15: vidonge 6 vya 2.5, Jumatatu peke yake. Foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara yake, miligramu 5, Ijumaa. Duka la dawa likaandika kwenye bahasha "6x1", yaani kila siku. Kwa dozi hiyo mdomo huchanika vidonda na uboho huacha kutengeneza damu. Bahati, alirudi kuuliza kabla hajameza dozi ya pili. Tangu hapo jina la siku naliandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu.

Baada ya miezi 3 uvimbe ulishuka na kisigino kikatulia. Kile kiungo cha karibu na ukucha hakikunji mpaka leo. Subana ameihamishia kidole cha pete.