Milima ya Bighorn tumeivuka, breki hazijanuka

Jamani, tumefika Ten Sleep, Wyoming, huku Marekani, na chai inachemka humuhumu ndani ya gari. Tumekodi lile gari lenye kitanda, jiko na choo, futi 28, tunaelekea hifadhi ya Yellowstone. Jana tulilala Sheridan, simu ikasema tuvuke milima kwa barabara ya 14A. Nami nilishakubali!

Asubuhi mzee mmoja aliyekuwa akichota maji pale kambini akatuuliza tunapita wapi. Nilipomtajia, akafunga bomba kwanza. "Na gari hili?" Akanieleza kwamba ile 14A ina mteremko wa asilimia 10, yaani kila mita 100 unashuka mita 10, na unaendelea hivyo maili kadhaa. Akasema turudi kusini hadi Buffalo, tupande barabara ya 16.

Mume wangu alinung'unikia mafuta. Mimi nimekulia Iringa, nimeona malori yaliyochoma breki kwenye mteremko wa Kitonga, kwa hiyo hapo hapakuwa na mjadala.

16 nayo si tambarare, msidanganyike. Kilele chake, Powder River Pass, kiko futi 9,666, karibu mita 2,950, na pale juu gari lilihema kama mgonjwa. Ila mteremko ni wa taratibu. Niliweka gia ya pili tangu juu kabisa ili injini ilizuie gari, breki nikawa nagusa na kuachia, foleni ikijaa nyuma nasogea pembeni wapite. Vikombe kabatini vilipiga kelele njia nzima.

Huku chini nikasogeza kiganja karibu na rimu ya gurudumu: vuguvugu tu.