Orodha Moja, Nakala Mbili

Wakati huo tulikuwa tunahamishia kaseti za watu kwenye kompyuta, katika ofisi ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, Kariakoo. Taarabu, harusi, mawaidha, sauti za wazazi waliotangulia mbele ya haki. Nilikuwa nimeunganisha seva mbili za Linux kwa GlusterFS, programu inayofanya diski za seva kadhaa ziwe hifadhi moja, kila faili likiandikwa pande zote mbili kwa pamoja. Diski ikifa huku, nakala iko kule. Nikaona kazi imekwisha.

Jioni moja ya masika umeme ukakatika. Jenereta za mtaani zikaanza kunguruma moja baada ya nyingine. Sisi tuliendelea, maana seva na skrini zilikuwa kwenye UPS, betri ya akiba. Swichi ya mtandao, inayoziwezesha seva kuwasiliana, haikuwemo. Niliichomeka mwenyewe ukutani, ikazima. Kila seva ikadhani ile nyingine imezima, ikaendelea kupokea maandishi peke yake. Dada niliyefanya naye kazi alikuwa kwenye seva ya kwanza akijaza orodha ya kaseti. Mimi nilikuwa kwenye ya pili, nasahihisha orodha hiyohiyo.

Umeme uliporudi, orodha ikagoma kufunguka. Kila nakala ilidai mwenzake ndiyo yenye kasoro, na Gluster haikuwa na wa kumuuliza.

"Kaka, nilichoandika kiko wapi?"

"Kipo, dada. Usiguse kitu kwanza."

Nikaingia kwenye folda za diski zenyewe, nikatoa nakala zote mbili, nikaziweka pembeni. Sauti zilikuwa salama. Nilichohofia ni maelezo yake, kwa sababu aliyapata kwa kusikiliza kaseti nzima nzima. Mstari mmoja ulisema: "Dakika ya 12, bibi anakohoa, kisha anamwita mjukuu." Tulilinganisha mstari kwa mstari hadi saa nne usiku, yeye akisoma, mimi nikiunganisha. Kisha nikaiamuru Gluster ifuate nakala ya kwake, na juu yake nikaandika ile tuliyounganisha.

Wiki ile swichi ikahamia kwenye UPS, nami nikaongeza mashine ya tatu, kuukuu, iwe msuluhishi: inatunza majina ya mafaili na rekodi za mabadiliko tu, bila yaliyomo. Seva iliyobaki peke yake hairuhusiwi kuandika. Nakala mbili bila msuluhishi simshauri mtu.

Ili kujaribu, nikachomoa waya wa mtandao wa seva ya kwanza. Dada akajaribu kuhifadhi.

"Imekataa, kaka."

Kwangu, seva ya pili, ikakubali. Nikarudisha waya, tukakaa kutazama hesabu ya mafaili yanayosubiri kusawazishwa hadi ikafika 0, ndipo tukafunga ofisi.