Nilivyokusanya sahihi 412 za kutetea redio ya umma

"Redio ya serikali? Si ndiyo ile ya kusifu wakubwa?" Jibu hilo nilipewa kwenye kibanda cha kwanza Soko la Kariokor, Nairobi, nilipoomba sahihi za ombi kwa Bunge ili redio ya umma itengewe pesa za kutosha. Kibanda cha pili, hivyohivyo. Siku hiyo nilirudi Eastleigh na sahihi nne, mbili zikiwa za ndugu zangu.

Mimi ni mtu wa Marsabit. Nyumbani, habari za ukame na chanjo ya mifugo tulizisikia kwa Kiborana, kwenye redio ya umma. Kituo cha biashara hufuata matangazo yalipo, na mfugaji wa kwetu hana la kutangaza. Pesa za umma zikikauka, idhaa za lugha ndogo ndizo zitakazonyamaza mwanzo. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Nikaacha kuanza na habari ya pesa. Nikawa nauliza: kwenu mashambani wanasikiliza nini? Mama mmoja anayeuza vyondo aliweka sindano chini. Mamake yuko Kitui, stima haijamfikia, na redio ya betri ndiyo inayomwambia mvua inakuja lini. Akatia sahihi, kisha akaniitia wenzake.

Kuhusu kusifu wakubwa sikubishana na mtu. Nilitembea na Katiba mkobani, nikawasomea Kifungu cha 34: chombo cha habari cha serikali kiwe huru kuamua kinachotangaza, kisipendelee upande, na maoni yanayopingana yapewe nafasi. Halafu nikawauliza, anayengoja kila mwaka aonewe huruma kwenye bajeti atamkosoaje anayempa? Kutoka hapo ombi letu likawa na mambo mawili: pesa ziongezwe, na zisigeuzwe kamba ya kumfunga mtangazaji mdomo. Hilo la pili ndilo lililoleta sahihi nyingi zaidi, nami naliamini kwa moyo wote.

Karatasi zenyewe zilinitesa. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu maombi kwa Bunge inakubali Kiswahili, jambo lililonifurahisha sana, lakini mada ya ombi lazima ionekane kwenye kila ukurasa, maandishi yasiwe na ya kufutwafutwa, na kila mtu aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho. Kurasa zangu 11 za kwanza hazikuwa na mada juu. Nikazunguka tena kibanda kwa kibanda. Mlinzi mmoja wa usiku, mzee ambaye redio haimtoki sikioni, aliweka kidole gumba mara ya pili bila kunung'unika. Sheria inaruhusu kidole pia.

Tulimaliza mapema Aprili, na tulikusudia hivyo. Makadirio ya bajeti hufika Bunge la Kitaifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha Juni 30, na Kifungu cha 221 cha Katiba kinaitaka kamati ya Bunge inayoyapitia isikilize maoni ya wananchi. Kwa hiyo, mbali na ombi lililokwenda kwa Karani wa Bunge, niliandalia kamati ukurasa mmoja wa maoni ya bajeti.

Nakala ya ombi yenye muhuri nilimpelekea yule mlinzi. Aliitazama taratibu chini ya taa ya geti, akaikunja, akaichomeka nyuma ya redio yake, pale anapofungia betri kwa mpira.