Tindikali kwenye chupa ya maji ya kunywa

Wadau, nimetoka soko la Mwanjelwa, Mbeya, kununua tindikali ya betri ya pikipiki. Muuzaji kanimiminia kwenye chupa ya maji ya kunywa, lebo ya maji bado ipo! Swali pekee: "Nusu au lita nzima, kaka?"

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 222, inasema anayemmwagia mtu tindikali akikusudia kumharibu anaweza kufungwa maisha. Sawa, ila hapo uso umeshaungua. Bangladesh mwaka 2002 walitunga sheria mbili: moja ya adhabu, nyingine ya kubana uuzaji kwa leseni. Nasi tuna sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani tangu 2003. Pale Mwanjelwa sijaiona ikifanya kazi.

Mtu akimwagiwa, maji safi mengi papo hapo, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) baadaye.