Siku ya mafuriko ya Mai Mahiu kwenye dawati la picha

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inalia. Ni Jumatatu, 29 Aprili 2024. Shule zilikuwa zifunguliwe leo, usiku serikali ikaahirisha kwa wiki moja, kwa hiyo nadhani ni mzazi mwenzangu anataka kuuliza. Kumbe ni mwakilishi wetu wa Naivasha. "Dada, Mai Mahiu kumeharibika. Kamuchiri imesombwa na maji." Kamuchiri ni kijiji cha Mai Mahiu, mji mdogo katika Kaunti ya Nakuru.

Mimi ni mhariri wa picha katika chumba kimoja cha habari Nairobi. Watu hudhani kazi yangu ni kung'arisha rangi. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuamua picha ipi isitoke, na kwa kuwa haitoki, hakuna anayejua umefanya nini.

Saa moja na nusu niko mezani. Chai, kikao kifupi, habari ni moja tu.

Kuanzia saa mbili picha zinamiminika. Gari limejikunja kwenye shina la mti. Mabati, magodoro, mawe makubwa mahali palipokuwa na nyumba. Halafu inakuja ya mkono wa mtoto ukichomoza kwenye tope. Naikuza. Uso hauonekani, lakini kifundoni kuna bangili ya shanga za rangi za bendera, na shanga moja imepasuka. Naiweka kando.

Saa nne kasoro, bosi wa dawati la dijitali anakuja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Ile ya mkono iko wapi?"

"Haitoki."

"Wenzetu wameshaitoa. Inasambaa kila mahali."

"Basi wanaotaka kuiona wameiona."

Ananiambia tuitie ukungu. Namuuliza ukungu tuutie wapi, maana uso haupo. Kinachomtambulisha huyu mtoto ni bangili, na mama yake ataijua hata kwenye kioo cha simu. Anasema umma una haki ya kujua ukubwa wa msiba. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu msiba ukifichwa hakuna anayewajibika. Lakini ukubwa wa msiba tayari uko kwenye picha ya lile gari, uko kwenye picha ya majirani wanaochimba kwa mikono. Mkono wa mtoto unaongeza nini zaidi ya wabofyaji?

Tukarudi nyuma hadi Januari 2019, shambulio la kigaidi kwenye hoteli ya DusitD2 hapa Nairobi, gazeti la New York Times lilipochapisha picha ya waliouawa wakiwa bado mezani mkahawani. Wakenya tulighadhabika, Baraza la Vyombo vya Habari likataka picha iondolewe. Nikamwambia hatuwezi kumkemea mgeni kwa jambo tunalowafanyia watu wetu wenyewe. Maadili yaliyo kwenye Sheria ya Baraza ya 2013 yanataja waziwazi huzuni na mshtuko wa wafiwa. Akaondoka, akarudi na mkubwa wake, tukaanza upya. Mabishano hayo yalikula asubuhi yangu yote.

Chakula cha mchana sikukiona. Maelezo ya picha nayo yakawa vita nyingine: kila mtu alikuwa akiandika "bwawa lapasuka". Nikashikilia tuandike "maji ya mafuriko" hadi tumpate mtu aliyefika huko juu maji yalikotoka, kwa sababu mvua bado ilikuwa ikinyesha na kuna maelfu wanaolala chini ya mabwawa mengine, ambao neno lisilothibitishwa lingewatia hofu bure. Wizara ya Maji ilikuja kueleza kwamba njia ya maji chini ya reli iliziba kwa magogo na tope, maji yakajaa nyuma ya tuta hadi likaachia. Idadi ya waliofariki nayo ilikuwa ikipanda tangu asubuhi. Ilipopita arobaini nikaacha kuandika tarakimu kwenye maelezo ya picha.

Jioni, sijui saa ngapi, swichibodi inaniunganisha na mama mmoja. Dada yake anaishi Kamuchiri na simu haipatikani. Ana hasira: ameona picha za wafu kwingine, amezipitia zote akitafuta nguo anazozijua. "Nyinyi mna nyingine mmezificha?"

Nikamjibu ukweli: zipo. Nikamuuliza yuko na nani. Yuko na shemeji yake. Nikampa maelekezo ya dawati la Msalaba Mwekundu linalotafuta waliopotea, nikamwomba wasiendelee kupekua mitandaoni. Kisha nikazituma zile tulizozuia, na saa zilizopigwa na mahali, kwa afisa wa Msalaba Mwekundu aliyeko huko, zitumiwe na wanaokaa na familia ana kwa ana.

Ukurasa wa kwanza tukauweka wale majirani wanaochimba. Mwenzangu wa zamu ya usiku nikamwachia faili lililofungwa na maandishi mafupi: ya mkono isitoke hata bosi akipiga, na mwakilishi wetu wa Naivasha apigiwe kwanza kuulizwa kama amekula, ndipo aombwe picha.